Gitaa dogo la safari kushuka sauti

Ndugu, unasema gitaa lako dogo la nyuzi za chuma linashuka sauti kila ukitoka Mtwara kwenda Lindi, na nyuzi umebadilisha juzi. Nyuzi mpya bado zinanyooka hizo: vuta kila uzi taratibu kwa vidole juu ya tundu, tyuni, rudia mara tatu nne mpaka uache kushuka. Kwenye funguo, yaani vigingi vya kukazia nyuzi, uzi uzunguke mara mbili au tatu, usirundikane. Tyuni ukipanda tu. Ukipitiliza, legeza chini ya noti ndipo ukaze. Ukisikia “tik” na sauti ikaruka, uzi unanasa kwenye kijimfereji cha juu ya shingo. Paka risasi ya penseli. Urefu mfupi wa uzi hutaka nyuzi nene, seti ya 12 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012) badala ya 10. Na usilitupe kwenye buti la basi, joto la mle hulegeza hata gundi.