Barua kwa mwanangu: aliyelipia deni la waliozuia

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Huku Lamu hatujambo. Kusi limeshika, bahari imechafuka, na bei ya samaki usiniulize.

Umeniuliza swali la mwalimu wako: mwaka 2010 chama cha Republican kule Marekani kilikuwa upinzani, kikauzuia mswada wa kudhibiti mabenki, watu wakasema kitakiona cha moto. Miezi michache baadaye kikashinda uchaguzi. Basi hiyo hatari ya kisiasa iko wapi? Mwalimu anataka kurasa kumi, nawe umemkimbilia mamako aliyestaafu kaunta ya benki. Haya.

Anza na hesabu. Seneti yao ina watu 100, na upinzani ukikataa mjadala kufunguliwa, zinahitajika kura 60 kuufungua. Januari 2010 Scott Brown alishinda kiti cha marehemu Ted Kennedy kule Massachusetts, Warepublican wakafika 41. Hapo wakapata ufunguo. Tarehe 26 Aprili mswada huo wa mabenki, wa Seneta Chris Dodd, ukaletwa, ukapata kura 57 kwa 41, mlango ukabaki umefungwa. Harry Reid, kiongozi wa walio wengi, yaani Wademokrat wa chama cha Obama, akairudisha kura kesho yake, na keshokutwa tena. Wengine walidhani anapoteza wakati. Mimi naona alijua analolifanya, maana kule kura inapigwa kwa majina, na kila siku iliyopita iliwaandikia wapinzani ukurasa mwingine.

Na tazama ilikuwa wiki gani. Tarehe 27, siku ya kura ya pili, kamati ya Seneta Carl Levin ilikuwa imewaketisha wakubwa wa benki ya Goldman Sachs mbele ya kamera, inawasomea barua pepe zao wenyewe. Katika moja yao, bidhaa waliyokuwa wakiwauzia wateja imeitwa kwa neno ambalo mama haliandiki kwenye barua. Watu wanatazama hilo kwenye runinga, halafu habari inayofuata ni kwamba mswada wa kuwabana hao hao umezuiwa tena. (Wakati huo kwa ajili ya Obama hata wazee wa baraza la Mkunguni walijua Seneti ni nini. Leo waulize uone.) Siku ya tatu Warepublican wakalegeza, mjadala ukafunguliwa.

Hatari yenyewe iko hapo. Mpiga kura hasomi mswada wa kurasa zaidi ya elfu moja, yeye anatazama umesimama upande wa nani. Na kuhusu mkopeshaji hahitaji kufundishwa. Unamjua kijana wa nyumba ya nyuma, mwenye boti ya kuvusha watu Shela. Kabla sheria haijabadilika alikopa kwenye simu, akachelewa kulipa. Mimi nakuna nazi, mkono mmoja umeshika kifuu, simu inalia. Binti mwenye sauti tamu ananiuliza kama namjua fulani, na kama najua kwamba ni mwizi. Walikuwa wamechukua namba zote zilizomo kwenye simu yake: mamake, mkwewe, hata imamu. Baada ya hapo, mwanasiasa angekuja kuniambia kwamba kuwabana watu hawa ni kuharibu biashara, angenieleza asubuhi hadi jioni na kura yangu asiipate. Desemba 2021 sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ilipotiwa saini, sikumsikia hata mmoja aliyesimama hadharani kuwalilia.

Sasa, kwa nini Novemba 2010 Warepublican hawakuadhibiwa? Walipata viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi, na hilo usilipite kwa haraka kama wanavyolipita waandishi wanaotaka hadithi yao inyooke. Kwanza, ukosefu wa kazi ulikuwa zaidi ya asilimia 9, na mwenye njaa humwadhibu aliyeko madarakani. Pili, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, hakusimama akasema anawatetea mabenki. Alisema mswada ule utawafanya walipa kodi waendelee kuyaokoa mabenki milele. Maneno hayo yalikuwa na makali, kwani watu walikuwa na uchungu wa dola bilioni 700 zilizoidhinishwa Oktoba 2008 kuyanusuru mabenki baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka. Uchungu huo ulikuwa ndani ya chama chake pia: Mei 2010 Seneta Bob Bennett wa Utah alitupwa na wajumbe wa chama chake mwenyewe, na mojawapo ya makosa aliyosomewa ni kuunga mkono fedha hizo. Kwa hiyo walizuia huku wamevaa nguo ya hasira ya wananchi. Na walipata kitu: mfuko wa dola bilioni 50 ambao mabenki yangeuchangia kwa ajili ya kuyazika yanayokufa ukatolewa kwenye mswada. Kuzuia kukileta badiliko unaloweza kulishika mkononi, unaweza kurudi kijijini ukasema nimefanya kazi. Obama alitia saini tarehe 21 Julai.

Ungeishia hapo ungeandika kwamba hatari haikuwepo. Lakini deni halikufutwa, lilihamia kwa mtu mwingine.

Sheria ile iliunda ofisi ya kuwalinda wateja wa huduma za fedha. Fikra hiyo ilitoka kwa mwalimu wa sheria, Elizabeth Warren, na yeye ndiye aliyeisimamisha ofisi ilipoanza. Mei 2011 maseneta 44 wa Republican wakaandika barua: hatutampitisha mkurugenzi yeyote, awe wa chama chochote, mpaka muundo wa ofisi ubadilishwe. Obama akaona Warren hapiti, akamteua Richard Cordray, naye Desemba wakamzuia. Warren akarudi nyumbani Massachusetts, akagombea useneta. Novemba 2012 akashinda. Waliyemnyima ofisi moja akaja kukaa nao ukumbi mmoja, na sauti yake juu ya mabenki ikawa kubwa kuliko ambayo mkurugenzi yeyote angekuwa nayo.

Na alimwangusha nani? Scott Brown. Yule ambaye mwaka 2010 mwishowe aliipigia sheria kura ya ndiyo, pamoja na Susan Collins na Olympia Snowe. Yule ambaye siku ya Cordray alikuwa Mrepublican pekee aliyekubali apite. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na mpiga kura wa Massachusetts hakumtenga na wenzake. McConnell na Kentucky yake hakuguswa. Ukiniuliza mimi, hili ndilo jibu la swali lako: wanaoamua kuzuia wana viti salama, na anayelipia ni mwenzao wa jimbo gumu, mara nyingi ambaye hakutaka kuzuia.

Kuhusu kwetu nitasema kidogo tu. Sheria ya riba ya 2016, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ilipendwa sana mitaani, ingawa sisi wa kaunta tuliona mikopo ya watu wadogo ikikauka. Oktoba 2019 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitaka kikomo hicho kiondolewe. Kumpinga kulihitaji theluthi mbili ya Bunge, wabunge 233. Novemba siku ya kura ukumbi haukujaa, akidi haikutimia, kikomo kikaondoka. Wa serikali hawakutosha, wa upinzani hawakutosha, na kwa kuwa kura haikupigwa, hakuna jina la kumshika nalo mtu. Reid alirudisha kura siku tatu ili majina yaonekane. Huku kwetu hakukuwa na majina ya kuonekana, na sijui mbunge hata mmoja aliyeulizwa kuhusu siku ile alipokuja kuomba kura 2022. Ukipata nafasi, tafuta kumbukumbu za Bunge za wiki ile uone waliosimama kuzungumza walisema nini, kisha uniandikie.

Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Kodi ya chumba nimetuma kwa simu asubuhi, mjulishe mwenye nyumba.

Ni mimi mamako,
Lamu