Barua kwa mwanangu: kabla hujaacha chuo

Mwanangu mpendwa,

Nyanya yako hajambo, goti lake limetulia tangu mvua ikatike. Ujumbe wako wa Jumapili ulinikuta kazini, raketi ya mteja imebanwa kwenye mashine, nusu nimeshaiwamba nyuzi. Nilishindwa kuimaliza siku ile. Umeniuliza, "Baba, niache chuo mwaka huu niingie tenisi ya kulipwa, au nimalize kwanza?" Ukaongeza kwamba Victoria Mboko, yule mchezaji wa Kanada, ni mdogo kwako na hakumsubiri mtu.

Basi nianze na huyo Mboko. Unaikumbuka fainali ya wasichana, wawili kwa wawili, Wimbledon 2022? Huku Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, kule Mboko na Kayla Cross wa Kanada. Wetu wakashinda 3-6, 6-4, na ile seti fupi ya kuamua, inayohesabiwa kwa pointi, 11-9. Ulipiga yowe hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Mwishoni wale wasichana wanne walitenganishwa na pointi mbili tu. Baadaye Okutoyi akaenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, kule Alabama, na Machi 2024 akatuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, akashika njia ya kulipwa moja kwa moja. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, akamshinda Naomi Osaka wa Japani kwenye fainali ya mashindano makubwa ya Montreal, kwao Kanada.

Nilifurahi kama ni wangu. Ila kumbuka kwamba Montreal aliingia kwa mwaliko wa waandaaji, na mialiko ya namna hiyo aghalabu hupewa wenyeji. Sisi Kenya hatuna mashindano ya ngazi ile, kwa hiyo hakuna wa kukualika nyumbani kwako. Utaanzia Monastir, Tunisia, kwenye mashindano ya zawadi ya dola 15,000. Hizo dola hugawanywa kwa wachezaji wote. Bingwa mwenyewe haondoki na 3,000. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata nauli ya kurudi. Pointi za kupanda orodha ya dunia unazochuma huko hukaa wiki 52 kisha hufutika, kwa hiyo ukiumia mkono miezi sita unarudi ukiwa umepoteza sehemu yake. Shirikisho la kimataifa, ITF, lilipiga hesabu za mwaka 2013 likakuta kwamba mwanamke alianza kurudisha gharama zake akifika kama nambari 253 duniani, na hapo kocha hajalipwa. Huko juu, aliyefungwa mechi ya kwanza Wimbledon 2025 alipewa pauni 66,000. Kufika huko ndiko kunakomaliza watu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa na miaka 14 nilikopa kwenye chama ili usafiri kwa mashindano ya vijana. Ulipoteza mechi ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kando ya uwanja, na kila ulipokosa sevu ya pili nilikuwa nahesabu marejesho ya mkopo. Ukageuka kunitazama, ukaona uso wangu. Kuanzia seti ile ukawa unasukuma mpira tu, mkono umekaza, wewe uliyezoea kuupiga bila woga. Kosa lilikuwa langu, mwanangu, na limenikaa moyoni miaka yote hii. Kwa sababu hiyo sitaki uende Monastir ukiwa na kodi ya nyumba kwenye kila pointi.

Jibu langu: maliza. Umebakiza mwaka mmoja na nusu, na huko chuoni unapata kocha, daktari, uwanja na mpira mpya bure, vitu ambavyo mwenzako wa nambari 600 anavilipia kutoka mfukoni. Mmarekani Danielle Collins alimaliza Chuo Kikuu cha Virginia 2016 na ubingwa wa vyuo vya kwao mara mbili. 2022 akacheza fainali ya mashindano makuu ya Australia, 2024 akachukua ubingwa wa Miami akiwa na miaka 30. Hakuchelewa. Likizo nenda kwenye hayo mashindano madogo uanze kuchuma pointi, nauli ya safari mbili ninayo, na safari hii sijakopa.

Ukimaliza ukaniambia bado unataka, sitakuuliza mara ya pili. Mama yako haafikiani nami kabisa, yeye anasema uende sasa kabla moto haujapoa, na nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Nimekuwekea koili nzima ya zile nyuzi ulizozipenda. Niambie siku hizi unaziwamba kwa mkazo wa paundi ngapi, na kile kiwiko kinaendeleaje.

Baba yako