Usiwapatanishe kwa Lazima: Kwa Unayeandika Filamu ya Ndugu Wasiosemeshana

Wiki iliyopita filamu yangu ndefu ya kwanza ilikubaliwa kwenye tamasha, na katikati ya pongezi ukaingia ujumbe wa msomaji mmoja. Ameandika skripti ya kijana na baba yake wasiosemeshana. Kila anayeisoma anamwambia hakuna kinachotokea. Anauliza: aongeze ugomvi au aiache ilivyo? Najua wengi mnaosoma hapa mnataka kutengeneza filamu yenu wenyewe bila studio nyuma yenu, kwa hiyo namjibu mbele ya wote.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Mtayarishaji aliyeahidi nusu ya bajeti alitaka wahusika wangu wazabane makofi msibani, halafu mwishoni wakumbatiane wakilia. Nilipokataa, akaacha kupokea simu zangu. Juzi ametuma pongezi. Sijamjibu. Bado inaniuma, maana tulilazimika kupiga kila kitu ndani ya nyumba moja, kwa kamera ya kuazima, na watu waliokubali kulipwa baadaye.

Filamu inahusu dada wawili wasiosemeshana miaka mingi, wanaokutana kugawana nguo za marehemu mama yao. Ugomvi wao niliuandika wote, tusi kwa tusi. Tukaufanyia mazoezi mpaka waigizaji wakawa hawatazamani hata wakati wa mapumziko. Kisha nikazitoa kurasa zile, na kamera haikuuona ugomvi huo hata mara moja. Siku ya kupiga, mkubwa anakunja gauni, analikunjua, analikunja tena akifuata mikunjo ile ile ya pasi aliyoiacha mama. Mdogo anauliza, "Hilo unalichukua?" Anajibiwa, "Chukua wewe." Basi. Mhariri alitaka kukata hapo. Nikamzuia, tukaiacha sini iendelee mpaka gauni liliporudi kabatini bila mwenyewe. Wale wawili wanajua kilichosemwa siku ile, mtazamaji hajui, na kwa kuwa hajui anabaki kuichunguza mikono yao. Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwako: ugomvi uandike, ufanyie mazoezi, kisha usiupige.

Wakubwa wa kazi hii wana njia zinazokaribiana na hiyo. Mwongozaji Mwingereza Mike Leigh hukaa na waigizaji wake miezi kadhaa kwenye mazoezi kabla kamera haijawashwa, na kila mmoja hujua tu yale ambayo mhusika wake angeyajua. Tazama Secrets & Lies, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1996. Mama na binti aliyemtoa alelewe na wengine wamekaa mgahawani, upande mmoja wa meza, kamera imetulia mbele yao, na dakika zinapita bila kukatwa. Mama anakana kwamba huyu anaweza kuwa mwanawe, halafu unaiona kumbukumbu ikimjia usoni. Wanaosema hakuna kinachotokea kwenye filamu za aina hii wakaitazame sini hiyo kwanza.

Halafu sauti. Watu wasipoongea, kila kelele inasikika. Zima friji kabla ya kurekodi, na uweke ufunguo wa gari ndani yake ili msiondoke bila kuiwasha tena. Mafundi sauti wengi hufanya hivyo. Kabla ya kuhama chumba, wote mnyamaze, mrekodi ukimya wa chumba hicho kwa nusu dakika au zaidi. Mhariri atauhitaji kuziba mapengo kati ya vipande. Pengo lisilo na sauti yoyote humfanya mtazamaji adhani spika imekufa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wenye fedha za filamu wengi huja na kapu tayari, wanataka mavuno kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Wapo ndugu wanaopatana, na nawaombea heri. Wengine hawapatani. Mimi na dada yangu hatujapatana, na ukumbini watakuwamo wengi kama sisi, waliochoka kuambiwa kwamba kumbatio moja linamaliza mambo. Usiwaongopee hao kwa ajili ya bajeti. Mtu akikuwekea fedha mezani kwa sharti la kuwapatanisha, mshukuru, funga skripti yako, uandike upya kwa vyumba vichache na waigizaji wachache. Inawezekana. Nimefanya.

Umeuliza pia kama umwonyeshe baba yako skripti kabla ya kupiga. Mimi dada yangu sikumwonyesha, na nisingemwonyesha hata leo, kwa sababu ningeanza kuandika kwa kumwogopa. Lakini baba yako mlinde, maana yeye hana filamu ya kukujibia. Badilisha kazi yake, nyumba yake, hata idadi ya watoto wake. Maneno aliyokuambia siku ya mwisho usiyabadilishe. Yaandike yote kwenye zile kurasa za mazoezi, waigizaji wako watayahitaji.