Hata lori lina wakala

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Nani aisimamie mitandao ya kijamii: serikali, kampuni zenyewe, au sisi watumiaji?" Mimi ni fundi cherehani wa Busia, upande wa Uganda. Nashona gomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya kina mama wa Uganda, na wateja wangu wengi huziona kwanza mtandaoni, kisha ndipo wanapiga simu.

Asubuhi moja aliingia dukani mama mtu mzima kutoka Tororo. "Shikamoo, mama," nikamwamkia, nikampa kiti. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimefuata gomesi zangu tatu." Sikuwa na gomesi zake. Akanionyesha simu. Jina la duka langu lilikuwa pale, na picha zangu, hata ile ya mkono wangu ukikunja mshipi wa hariri. Namba ya simu tu ndiyo haikuwa yangu. Alikuwa ametuma nusu ya bei kwa simu, na kwanjula ya binti yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ilikuwa Jumamosi. Alikaa akitazama kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, hakusema neno kwa muda mrefu.

Niliripoti ukurasa ule siku hiyo hiyo. Jibu lilifika kabla sijaweka simu mezani: ukurasa haujavunja kanuni. Niliporudia, na majirani zangu waliporipoti pia, tulipata maneno yale yale, kwa Kiingereza. Polisi walinisikiliza kwa adabu, wakaandika maelezo. Kisha afande akaniuliza, "Mama, hiyo kampuni ofisi yake iko wapi, tuiandikie barua?"

Swali la afande ndilo jibu langu kwenu. Kabla hatujabishana nani asimamie, hizi kampuni ziwe na mlango nchini wa mtu kubisha, na nyuma ya mlango awepo binadamu anayewajibika kisheria.

Mtu wa Busia haoni ugeni katika jambo hili. Ng'ambo ya barabara mbele ya duka langu kuna safu ya ofisi za mawakala wa forodha. Mwenye mzigo anaweza kuwa Dubai au Guangzhou, hatujawahi kumwona, lakini mzigo wake hauvuki mpaka bila wakala mwenye leseni na sahihi. Karatasi zikiwa na uongo, wakala ndiye anayeitwa. Mwenye viatu vya mitumba ana wakala. Kampuni inayoingia katika kila simu ya Uganda haina mtu wa kuitwa na afande wa Busia.

Nasikia wanaosema serikali imekwisha kusimamia mitandao hii. Hebu tuangalie imemsimamia nani. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 iliondolewa, ikaletwa asilimia 12 kwenye bando. Anayelipa ni mimi. Oktoba 2022 sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ilikazwa, na baadhi ya makosa ya mtu anayeandika yakawekewa kifungo cha hadi miaka saba. Anayefungwa ni mwandishi wa maneno. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya awali, ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi, nami nilifurahi, kwa sababu kuudhika ni jambo lisilo na kipimo.

Halafu kuna Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zina uhusiano na Wizara ya TEHAMA, zikiwemo akaunti bandia za kuendesha kurasa. Rais akatangaza kuwa nayo Facebook imefungwa Uganda. Mkesha wa uchaguzi intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Nasema kampuni iliamua peke yake, serikali ikaamua peke yake, na hakuna mahali ambapo mwananchi angeomba aonyeshwe ushahidi wa upande wowote. Siku zile nilikuwa na oda ambazo sikuweza hata kuwaambia wenyewe kwamba ziko tayari.

Na wasiniambie kampuni za mbali hazifikiki. Mwaka 2023 sheria ya kodi ya mapato iliweka asilimia 5 kwa kampuni zisizo na makao nchini zinazouza huduma za kidijitali kwa watu wa Uganda. Kwenye kodi, basi, njia ya kuzifikia imetafutwa. Itafutwe na ya malalamiko.

Wengine wameipata. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya huduma za kidijitali ya 2022, unazitaka kampuni zisizo na makao kwao ziteue mwakilishi wa kisheria, zieleze sababu zinapofuta au kufunga kitu, na rufaa isiamuliwe na mashine peke yake. Kampuni kubwa ikikaidi, faini inaweza kufika asilimia 6 ya mauzo yake ya dunia nzima. Hapo Kenya, hatua chache kutoka dukani kwangu, mtoto wa profesa Meareg Amare wa Ethiopia aliishtaki Meta, mwenye Facebook. Baba yake aliuawa Novemba 2021 baada ya posti za kuwachochea watu dhidi yake. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema inayo. Kwa hiyo lile la "hatuko kwenu" limekwisha kukataliwa na jaji wa Afrika Mashariki.

Uganda peke yake inaweza kupuuzwa, hilo nalikubali. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na makao Arusha, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Nchi nane zidai pamoja mwakilishi mmoja, anayepokea malalamiko kwa Kiswahili, na kila nchi iongeze lugha zake. Hapa kwetu mtu aweze kulalamika kwa Kisamia, lugha ya wenyeji wa Busia.

Kuhusu ofisi ya kumsimamia mwakilishi huyo, ninaogopa kama wengi wenu. Ikiwekwa chini ya waziri, kesho itatumwa kumtafuta kijana aliyemkosoa waziri. Sheria iipe mamlaka juu ya kampuni tu: kuihoji, kuitoza faini, kuitaka ijibu ndani ya siku zilizowekwa. Isiwe na mamlaka ya kuzima chochote wala kumkamata mtu. Na kila uamuzi wake uweze kupelekwa mahakamani na fundi kama mimi.

Yule mama nilimshonea gomesi moja kwa bei ya kitambaa, nikaimaliza Ijumaa usiku. Mbili zilizobaki aliazima kwa dada yake. Ukurasa ule bado upo. Juzi umeweka picha ya gomesi ya zambarau niliyoimaliza wiki iliyopita, na chini yake mtu ameuliza bei.