Mti Umelala, Acha Kuumwagilia

Kipupwe kimeingia, kusi linavuma, miche ya kwenye ndoo na viriba inapukutisha majani. Maswali nayo ni yaleyale ya mwaka jana.

Mbuyu wangu uko kwenye ndoo ya lita 20. Ulipukutika wote Juni. Naumwagilia kila asubuhi, hauchipui, na shina limeanza kubonyea. (Lindi Mjini)

Hauchipui kwa sababu umelala. Unabonyea kwa sababu unauozesha. Mti usio na majani haunywi. Maji yanatuama, hewa inaisha udongoni, mzizi unaoza. Ung'oe leo. Kung'uta udongo wote, kata kwa kisu kikali kila sehemu laini mpaka ufikie nyama nyeupe isiyonuka, pakaza majivu makavu, uache kivulini siku 10 jeraha likauke. Panda upya kwenye mchanga mnene sehemu mbili na udongo sehemu moja. Si mchanga wa ufukweni, una chumvi. Na hiyo ndoo itoboe chini, maana swali hili likija, mara nyingi ndoo haina hata tundu moja. Usitie maji mpaka uone chipukizi, Novemba hivi. Kama ulaini umeshazunguka shina lote usawa wa udongo, tupa.

Nitie urea mti uamke haraka? (Masasi)

Hapana.

Mninga kwenye kiriba umekauka hadi chini. Nitupe? (Ruangwa)

Tumelijibu hili mara ngapi? Mche wa mninga hukausha shina lake kila kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, huku mzizi ukinenepa chini. Mvua zikija hutoa shina jipya. Watu wanatupa miche mizima halafu wanalalamika kwamba mninga hauoteki. Kwaruza kwa ukucha, si kwenye kijiti cha juu bali shingoni, pale shina linapoingia udongoni: kijani chini ya ganda, mzima, kahawia kavu mpaka ndani, umekufa. Nusu kikombe cha maji kila wiki mbili kinatosha. Kiriba kisikae juu ya saruji inayopigwa na jua, kinachemka. Kama kilikaa chini, mzizi mkuu huenda umeshatoboa na kuingia ardhini, basi usikinyanyue kwa nguvu sasa. Utaukata mzizi, mti ukiwa hauna uwezo wa kuziba jeraha.

Mche wa mkorosho nao unapukutisha. Umelala? (Newala)

Mkorosho haulali hivyo. Kagua majani machanga. Ukiona unga mweupe, ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu.

Nilinunua mche wa epo kutoka Njombe. Umepukutika, haujachipua miezi mitano. Naweka barafu kwenye chungu. (Mikindani)

Barafu kanywee maji, dada. Kinachohisi baridi ni macho ya matawini, pale panapochipua, si mizizi. Mbuyu na mninga hulazwa na ukame, mvua inatosha kuiamsha. Epo ni kabila jingine: ikishalala vizuri hudai mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo macho yafunguke sawasawa, na hata Anna, aina isiyodai sana, inataka kama 200 au 300. Usiku wa Mikindani haukaribii hata nyuzi 10. Wakulima wa Batu, Java Mashariki huko Indonesia, huizunguka shida hii kwa kunyonyoa majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, mti uchipue kabla haujazama usingizini. Lakini Batu iko mlimani, na majani hunyonyolewa yakiwa bado ya kijani, wako umeshachelewa. Anayeuza miche ya epo pwani bila kusema haya anauza fimbo.