Mpe mtoto karatasi achore picha ambayo kitabu hakikuichora

Dada mleta mada, umeuliza kama uendelee kuwasomea wanao, wa miaka sita na wa tisa, vitabu vya picha vya hadithi za Biblia, au uviweke kando uwakaririshe mistari na Katekisimo, yaani kitabu kidogo cha mafundisho ya msingi ya imani, kwa kuwa kila ukiwauliza wamejifunza nini wanakutajia urefu wa Goliathi na meno ya simba, basi. Mimi nafundisha Shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mkoani Kilimanjaro, na nyumbani nina watoto wa umri huohuo. Ushauri wangu ni kwamba uendelee na vitabu hivyo, lakini ubadilishe namna ya kuvitumia.

Kwanza nimjibu kwa ufupi ndugu aliyechangia hapo juu kwamba picha zinakatazwa na Kutoka 20:4, amri ya kutojifanyia sanamu wala mfano wa kitu chochote. Aya inayofuata inasema wazi kwamba kinachokatazwa ni kuvisujudia na kuvitumikia vitu hivyo, wala sijaona mtoto akikisujudia kitabu cha hadithi. Martin Luther mwenyewe mwaka 1529 alitoa, pamoja na kitabu chake cha sala, mfululizo wa hadithi za Biblia wenye picha zilizochongwa kwenye mbao, akieleza kwamba alifanya hivyo hasa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, ambao hukumbuka matendo ya Mungu kwa urahisi zaidi wakiyaona katika picha.

Shida ninayoiona mimi ni nyingine. Mchoraji huchagua tukio linalovutia macho, ilhali fundisho mara nyingi limo katika tukio ambalo halina mvuto wowote. Chukua hadithi ya Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, katika Luka 19. Karibu kila kitabu nilichokishika kinamwonyesha mtu mfupi juu ya mkuyu, kisha Yesu akimwita, kisha wote wawili mezani wakila kwa furaha, na hapo hadithi imekwisha. Mtoto anaondoka akijua kwamba Yesu anawapenda watu wafupi. Lakini katika mstari wa nane Zakayo anasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Ukiuacha mstari huo, wokovu ulioingia katika nyumba ile unabaki kuwa mwaliko wa chakula tu, na watu wa Yeriko waliotozwa kupita kiasi hawaonekani kabisa.

Kwa sababu hiyo, darasani kwetu tukishasoma hadithi ile huwagawia watoto nusu karatasi na penseli za rangi, wachore siku iliyofuata, yaani Zakayo akitekeleza alichokisema. Mvulana mmoja alimchora amefika kwenye meza ya mama muuza ndizi, huku amebeba mikungu minne inayomzidi kimo, akaeleza kwamba Zakayo alimchukulia yule mama mkungu mmoja. Binti aliyeketi karibu naye akauliza, "Mwalimu, na kama huyo mama alishahama?" Ukazuka mjadala ambao sikuupanga. Wengine walisema amtafute hata akiwa Dar es Salaam, mwingine akasema awape watoto wa huyo mama. Mmoja alipopendekeza zipelekwe kanisani zikanadiwe alipingwa vikali, kwamba kanisa halikuibiwa ndizi. Sikuongeza neno juu ya hilo, maana nisingelisema vizuri kuliko wao. Nakiri kwamba mahubiri mengi ya watu wazima kuhusu toba huwa hayafiki kwenye swali la yule binti.

Hapo ndipo Katekisimo inapopata mahali pake. Baada ya mjadala ule tulijifunza amri ya saba, "Usiibe", pamoja na maelezo yake, kwamba tusichukue mali ya jirani wala kuipata kwa udanganyifu, bali tumsaidie kuitunza na kuizidisha. Watoto waliyashika maneno hayo upesi kwa kuwa tayari walikuwa na mtu wa kumfikiria. Kwa hiyo usichague kati ya picha na kukariri. Hadithi itangulie, kukariri kufuate.

Jambo la pili ni kwamba wewe mzazi usome sura yenyewe katika Biblia kabla ya kufungua kitabu cha picha, kwa maana wachoraji hukosea. Danieli huchorwa kijana shupavu katikati ya simba, hali wakati wa mfalme Dario, alipotupwa katika tundu la simba, alikuwa mzee aliyekaa uhamishoni zaidi ya miaka 60. Tofauti hiyo si ndogo. Mzee yule alipiga magoti mara tatu kila siku kama ilivyokuwa desturi yake, na mtoto anayemwona babu yake akisali alfajiri anaielewa sura hiyo ya sita ya kitabu cha Danieli kuliko anayeambiwa awe shujaa. Vivyo hivyo Mathayo hasemi kwamba mamajusi waliokuja kumwona mtoto Yesu walikuwa watatu, na anasema waliingia nyumbani, si zizini.

Kuhusu mtoto akikuuliza mbona Yesu wa kitabuni ni Mzungu, mjibu kwamba Yesu alikuwa Myahudi, na kwamba watu wa mahali pengi wamemchora afanane nao. Wakristo wa kabila la Mafa, kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970 waliigiza matukio ya Injili vijijini kwao, na kutokana na maigizo hayo zikachorwa picha ambazo Yesu na watu wote ni Waafrika. Ukiweza kuzipata, ziweke kando ya zile za kitabuni, mtoto alinganishe.

Kwa huyo wa miaka sita, picha moja kwa jioni inatosha. Funika maandishi kwa kiganja, umwache aseme anachokiona kabla hujasoma, na usimwulize "umejifunza nini", maana swali hilo humfanya atafute jibu la kukupendeza. Mwulize nani katika picha amesahauliwa. Wa miaka tisa mpe Biblia akikague kitabu mwenyewe. Watoto wa umri huo hufurahia sana kumkamata mtu mzima akikosea. Aanze na Msamaria Mwema, Luka 10. Kitabu chake bila shaka kina picha ya majeruhi, punda na mafuta, lakini mwambie atafute dinari mbili ambazo Msamaria anampa mwenye nyumba ya wageni katika mstari wa 35, na ahadi yake ya kulipa gharama zitakazozidi. Zisipokuwemo, mpe karatasi amchore mwenye nyumba ya wageni siku ya tatu, akimhudumia mgonjwa asiyemjua na kumsubiri yule Msamaria arudi.