Mzee anaamka mara ngapi usiku? Maswali yenu kuhusu mkojo

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu wazee na mkojo. Nimekaa wodi ya wanaume hapa Kisumu miaka mingi kama nurse, so hii nitajibu nikiwa nimeiona kwa macho.

Babangu ana miaka 71, anaamka mara nne usiku, anasema ni uzee tu. Nitajuaje kama imezidi? (Binti, Ahero)

Dadangu, usimwachie hapo. Kuna maswali saba yalitoka Marekani 1992 na madaktari wanayatumia kila mahali, yanauliza kuhusu mwezi uliopita: anamaliza akihisi bado kuna mkojo umebaki, anarudi choo kabla masaa mawili yaishe, unakatika katikati unaanza tena, akibanwa hawezi kungoja, unatoka bila nguvu, anajikamua ndio uanze, na usiku anaamka mara ngapi. Kila swali lina alama 0 mpaka 5, 0 ni haimpati kabisa na 5 ni karibu kila mara, hiyo ya usiku unaandika tu mara anazoamka, zikipita tano bado ni 5. Jumlisha. 0 hadi 7 ni kidogo, 8 hadi 19 ni wastani, 20 hadi 35 ni kali. Hiyo nne yake ni swali moja tu, hayo sita mengine bado. Na najua binti kumuuliza babake mambo haya ni ngumu, tuma mjukuu wa kiume amsomee polepole, asimjibie.

Nimepata 9, rafiki yangu 22. Yake ni kansa? (Mzee, Njoro)

Hiyo 22 peke yake haiwezi kusema, mzee wangu. Alama zinapima vile unasumbuka, hazisemi ugonjwa ni gani. Tezi dume (prostate, ile iko chini ya kibofu na mkojo unapita katikati yake) ikiwa kubwa inaweza kukupa alama chache na ndogo ikakupa nyingi, na kansa yake ikianza mara nyingi haina dalili yoyote, hiyo daktari anaitafuta kwa kukupima na kwa kipimo cha damu kinaitwa PSA. Halafu kuna swali la nane ambalo halijumlishwi: ukiambiwa utaishi hivi maisha yako yote, utasikiaje? Mimi hilo ndilo naliheshimu sana. Kuna mzee alikuwa na 11 tu, lakini aliacha kwenda matanga Busia, na siku akilazimika kupanda matatu hanywi chai asubuhi na anakaa karibu na mlango. Huyo alihitaji msaada.

Mume wangu anasema ako sawa lakini usiku nasikia kwa mkebe, kidogo, kidogo. (Mama, Kakamega)

Mama, masikio yako ni ushahidi. Mwombe apime kwa jagi yenye alama siku tatu, usiku na mchana, na muandike saa. Ikiwa kila mara ni kidogo, shida inaweza kuwa kibofu ama tezi. Ikiwa usiku anajaza kila mara, angalieni sukari, miguu kuvimba, na dawa ya presha ya kutoa maji kama anaimeza jioni, lakini msibadilishe saa bila daktari.

Ni lini nisingoje kuhesabu? (Kijana, Kondele)

Damu kwa mkojo, homa na kutetemeka, ama amebanwa na hautoki kabisa. Tulipokea mzee saa tisa usiku, alikuwa amepewa tembe za mafua, zingine hufunga mkojo kwa mwenye tezi kubwa, tumbo la chini limekaza kama mpira. Tulimwekea katheta, ule mpira mwembamba wa kutoa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja, akalia machozi akitushukuru. Ukiona hivyo mtafutie gari usiku huohuo.